Rangi Juu ya Mbao Iliyooza

Siku niliyoolewa siikumbuki kwa macho, mwanangu, maana nilifunikwa gubigubi. Naikumbuka kwa nyayo.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, bidhaa zimeadimika madukani. Sisi tulikaa Kariakoo, na mchumba wangu alikuwa mtu wa Kigamboni. Kaka yangu Shomari alikuwa na boti ndogo ya makasia pale Kivukoni, akaapa kwamba dada yake havuki kwa chombo cha mtu mwingine. Boti ile ilipakwa sifa miaka yote, yale mafuta ya ini la papa, nawe wajua yanavyonuka. Shomari hakutaka bibi harusi afike kwa wakwe ananuka papa. Akaikwangua sifa yote, akazunguka madukani mpaka akapata kopo la rangi ya bluu kwa Mzee Jayanti, Mhindi mwenye duka la vifaa Kariakoo.

"Mbao imekauka, ndugu?" mzee alimuuliza. "Ukipaka juu ya unyevu unafungia maji ndani."

"Mzee, mi mtu wa Feri, boti nazijua. Nipe rangi tu."

Kumbe huko nyuma ya boti mbao ilishaanza kuoza. Alijaza matambara na lami, akapaka rangi juu, akijiambia atatengeneza harusi ikiisha. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Alifanya kwa mapenzi, na mapenzi nayo yana upofu wake.

Tukapakia alasiri. Mimi nilikaa nyuma juu ya mkeka, ubavuni mwangu Bi Mwanaidi, somo aliyenifunda mambo ya unyumba. Akina mama walikuwa wakiimba, na masufuria yangu mapya yamefungwa kwenye kanga. Nilifundwa kwamba bibi harusi hasemi wala hainui macho mpaka aingie kwa mumewe.

Katikati ya mkondo, nyayo zangu zenye hina zikahisi maji. Nikadhani ni matone ya makasia. Yakapanda vidoleni, yakafika kwenye kifundo.

Niliingiwa na hofu ambayo sijaiona tena, hata siku za kujifungua. Hakuna aliyejua kuogelea isipokuwa Shomari, naye angemwokoa nani na kumwacha nani? Na bado niliona haya kufungua mdomo. Nilimgusa somo, akanifinya paja ninyamaze. Waimbaji wakapandisha sauti. Nikawaza, nikisema nitaitwa bibi harusi asiye na adabu. Nisiposema, hatabaki hata wa kuniita.

"Kaka," nikasema, "maji."

Wimbo ukakatika. Masufuria yangu yakafunguliwa, tukawa tunachota na kumwaga huku tunalia na kumwomba Mungu, Shomari akivuta makasia mpaka viganja vikachubuka. Tulifika Kigamboni maji yako magotini.

Pale ufukweni Shomari alichomeka kidole kwenye ubavu wa boti, kule nyuma nilikokaa, kikazama. Akatoa kipande cha mbao kinachomeguka kama mkate uliolowa, na rangi juu yake bado inang'aa. Akakaa mchangani, akalia mbele ya wakwe zangu.

Bi Mwanaidi alikuwa akikamua kanga yake. "Nilikufunda kunyamaza kwa heshima, mwanangu," akaniambia. "Sikukufunda kunyamaza ufe."

Boti ikalazwa pwani. Fundi alikata uozo wote mpaka tezo ikagonga mbao ngumu, akapachika mbao mpya, akaziba maungio kwa pamba, akaiacha ikauke kivulini. Ndipo akaipaka sifa. Ikanuka papa tena, ikavusha watu miaka mingi.

Sasa leo nimekuona unakoroga rangi kabla hujaigusa mbao ya boti yako, moyo ukanishtuka. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Choma kisu kwanza. Kikizama, weka kopo chini, ukate mpaka mbao ikugomee. Usiihurumie mbao iliyooza, itamla na jirani yake. Ikiwa nzima na kavu kabisa, paka utakacho. Kama huna hakika, sifa haijamwaibisha mtu zaidi ya kumnukisha. Na ukibeba abiria, waambie mapema: anayehisi maji aseme, awe mtoto, awe mkwe, awe bibi harusi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Haya, nenda. Mungu akupe mbao ngumu na abiria wasiokuonea haya, na kila utakayemvusha, afike ng'ambo miguu mikavu.