Aliyeomba Jina Lake Lifutwe

Niliishi Kyimo, wilayani Rungwe, miaka ishirini na miwili. Nilipangiwa huko mwaka 1990 kufundisha shule ya msingi, nikitokea Bukoba, na kabla sijazoea baridi ya mwezi wa sita padri alinifanya katibu wa kamati ya misaada ya parokia. Nadhani alinichagua kwa sababu sikuwa na shangazi wala mjomba pale wa kumpendelea.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watu kumi na wanane walikusanyika nyuma ya kanisa. Kila mmoja alipata debe la mahindi, maharage bakuli mbili na mche wa sabuni. Tena kila mmoja alikuwa na barua yenye mhuri. Akiugua yeye au mwanawe alikwenda nayo hospitali, na parokia ndiyo iliyolipa. Barua ile ilikuwa na thamani kuliko mahindi. Miaka hiyo watu walikuwa wameanza kuchangia matibabu, na wengi walikuwa bado hawaamini kwamba sindano inanunuliwa. Ndizi na viazi ardhi ya Rungwe inatoa. Noti haitoi.

Kanuni yetu ilikuwa moja na haikuwa na mjadala: mwenye kazi ya kulipwa hayumo. Nje ya orodha walisubiri watu zaidi ya thelathini, na kila jina lililotoka lilimwingiza mwingine.

Ikupa, ambaye wote tulimwita Mama Lusungu, aliingia kwenye orodha mwaka 1996. Mumewe, Ezron, alikuwa fundi mitambo katika shirika la umma kule Mbeya. Shirika lilipofungwa wakapunguzwa kazi wote, naye akarudi kijijini na godoro, redio na kikohozi. Godoro na redio viliuzwa. Kikohozi kikabaki naye mpaka siku ya mwisho. Alimwachia mkewe kipande cha migomba na mtoto mmoja, Lusungu, aliyebaki kati ya watatu waliowazaa.

Alikuwa mama mrefu, mwenye maneno machache. Siku ya mgao alifika mapema, akapokea chake kwa mikono miwili, akasema "Ndaga," asante ya kwao, akaondoka. Sikumsikia hata mara moja akilalamika kwamba debe halikujaa. Kama angenyamaza hivyo hivyo, ningesema hadi leo kwamba kamati ilimsaidia vizuri.

Mwaka 1998, mwezi wa kumi, mama yake Andrea alifariki. Andrea alikuwa jirani wa Ikupa, wametenganishwa na mfereji tu. Kijana mmoja, Jairo, ndiye aliyekuwa akikusanya rambirambi za kitongoji, daftari mkononi, nyumba hadi nyumba. Ikupa alimwona anakuja. Akaingia ndani, akatoa kile alichokuwa ametenga, akasimama mlangoni. Jairo akapita. Akaingia nyumba ya pili yake.

"Jairo," Ikupa akamwita, "umenisahau?"

Jairo alirudi hatua mbili, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Hapana mama. Wewe ni wa parokia. Wazee wamesema tusikusumbue."

Haya alinisimulia mwenyewe, muda mrefu baadaye. Alisema kijana hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa amemdharau angejua la kumjibu. Alikwenda msibani, akamenya ndizi na wanawake wenzake siku tatu, akalala pale kama wengine. Lakini daftari liliposomwa mbele ya wafiwa, jina lake halikuwamo. Andrea alipowashukuru waliochangia, Ikupa aliona afadhali awe anachochea moto.

Miezi ile chai ilikuwa imeanza kuamka. Kwa muda mrefu wakulima walikuwa wameiacha iote mpaka ikawa msitu, maana hakukuwa na wa kuinunua. Halafu kiwanda kikauzwa kwa watu binafsi, lori la kubeba majani likarudi barabarani, na wenye mashamba wakaanza kuikata upya. Mmoja wao alikuwa Ackson, mwenye ekari mbili kwenye mteremko unaoelekea mtoni. Alihitaji wachumaji. Ikupa alimfuata.

Januari mwaka 1999, Jumamosi ya mgao, alikuja kama kawaida ila hakubeba gunia. Alingoja zamu yake. Nilipoita jina lake alisogea mpaka kwenye meza.

"Mwalimu, leo sichukui. Nimekuja mnifute. Nimepata kibarua cha kuchuma chai."

Mzee Samson, katekista na mwenyekiti wetu, alimtazama juu ya miwani. "Kibarua cha kudumu?"

"Cha majani yakiwepo, Mzee."

"Basi kaa kimya, binti yangu. Kibarua cha namna hiyo sisi hatukioni."

"Mimi nakiona," alisema Ikupa.

Watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanasikiliza. Nilimwomba tusogee pembeni, tukaenda kusimama chini ya upenu wa kanisa kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, na nilimweleza kama mwalimu wa hesabu. Nikamwambia kwamba wiki nzima ya kuchuma haifiki thamani ya mahindi yetu na maharage, na hapo sijagusa barua ya hospitali. Nikamwambia mwezi wa saba na wa nane chai haichipui, atakaa bila kitu. Nikamwambia apime vizuri, ana mtoto.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mshahara wako unakutosha?"

"Hautoshi."

"Unachelewa pia, nasikia."

"Unachelewa."

"Mbona huachi kufundisha ukaja kupanga foleni hapa?"

Nilirudi mezani nikapiga mstari juu ya jina lake, na chini yake, kwa mujibu wa kanuni, nikaandika la mwingine: Agness, bibi wa Igogwe aliyekuwa akilea wajukuu wanne. Barua yenye mhuri Ikupa aliiweka mezani mwenyewe, imekunjwa mara nne.

Kazi yenyewe nilikuwa nikiiona nikienda shule. Alfajiri, ukungu bado umelala juu ya chai, wanawake sita au saba wanapanda mteremko, nailoni zimefungwa kiunoni kuzuia umande, matenga mgongoni. Huchumwa majani mawili na chipukizi lake, basi. Ukichanganya na majani magumu, karani kwenye banda la kupimia anayamwaga chini. Mwezi wa kwanza vidole vya Ikupa vilipasuka vikawa vyeusi. Alikuwa wa mwisho kujaza tenga. Mwezi wa tatu akawa katikati. Jumamosi alipokea malipo yake kwa Ackson, akanunua chumvi na mafuta ya taa Kyimo barabarani kama watu wengine, na alinisalimia kwa sauti iliyokuwa kubwa kidogo kuliko zamani.

Mwezi wa tano mzee mmoja alifariki upande wa juu wa barabara. Jairo alipofika na daftari, alipiga hodi kwa Ikupa. Alitoa kidogo kuliko majirani. Jina liliandikwa.

Laiti ningeweza kuishia hapo. Padri aliipenda sana habari hii, na aliwahi kuisimulia kanisani akaikatia hapo hapo. Mimi sikuipenda alivyoikata, kwa sababu nilijua kilichofuata.

Julai ilikuja na baridi yake. Chai ikasinyaa kama nilivyosema, na Ackson akawaita wachumaji siku mbili tu kwa wiki. Katikati ya mwezi huo Lusungu, aliyekuwa na miaka tisa na akisoma darasani kwangu, alianza kuumwa sikio. Mama yake alimtia mafuta ya uvuguvugu kama watu wote wanavyofanya. Usaha ukaanza kutoka. Homa ikapanda. Ilikuwa Jumatano, na Ackson hulipa Jumamosi. Ndani hakukuwa na noti hata moja.

Angeweza kuja kwangu. Nyumba yangu ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Angeweza kwenda kwa Mzee Samson, au kwa Andrea. Alhamisi mtoto alipokosa shule nilidhani ni baridi, kwani watoto wengi walikosa siku hizo. Ijumaa pia sikuuliza. Ikupa alichuma Ijumaa kutwa, Jumamosi asubuhi akapokea malipo yake, akambeba mtoto mgongoni mpaka barabarani na kumfikisha hospitali ya Makandana. Kulikuwa na uvimbe nyuma ya sikio. Walimpokea, wakampasua, wakamlaza siku kumi na moja. Muuguzi mmoja, Lilian, alimwambia bila ukali kwamba mtoto angeletwa siku tatu mapema sikio lingepona.

Lusungu alipona. Sikio la kushoto halikusikia tena.

Nilikwenda kumwona Ikupa waliporudi. Alikuwa ameketi kizingitini anachambua maharage, mtoto amelala ndani. Nilimwuliza kwa nini hakuja kwangu.

"Ningekuja kusema nini, Mwalimu? Barua niliirudisha mbele yako."

"Ungesema mtoto anaumwa."

Alitupa harage bovu pembeni. "Niliwaza hivyo usiku wa Alhamisi. Nikasema, nikienda, watasema si tulimwambia. Nikangoja pesa yangu." Kisha akasema, kwa sauti ile ile, "Nimeuza sikio la mwanangu kwa ajili ya jina langu kwenye daftari. Usinibishie, maana najua."

Sikumbishia. Wala sikumwambia nilichokuwa nikikiwaza, kwamba mstari juu ya jina lake niliupiga mimi, kwa rula, na kwamba kanuni niliyoitetea chini ya upenu haikuwahi kuulizwa swali hata na mimi mwenyewe.

Kwenye kikao cha Agosti nilileta hoja. Nilisema mtu akipata kibarua tumwondolee mahindi, lakini barua ya hospitali abaki nayo mpaka kipato chake kiweze kumlipia mgonjwa. Mzee Samson alipinga. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa mfuko kukauka, na aliwajua wote thelathini waliosubiri kwa majina.

"Mwalimu, ukimpa anayefanya kazi, utamwambia nini asiyeweza?"

"Na huyu anayefanya kazi nimwambie nini, Mzee? Kwamba angekaa nyumbani mwanae angesikia?"

Hatukukubaliana siku hiyo, wala kikao kilichofuata. Mwezi wa pili mwaka uliofuata ndipo kanuni ilipobadilishwa, kwa kura moja. Wanne wengine kwenye orodha, ambao kumbe walikuwa wanaogopa kibarua kwa sababu ya barua tu, walikwenda kutafuta kazi mwezi ule ule. Wawili waliipata.

Nilimpelekea Ikupa barua mpya shambani, kwenye mteremko wa Ackson. Alifuta mikono kwenye nailoni kabla ya kuipokea.

"Hii nitaichukua kwa ajili ya mtoto," alisema. "Mahindi msiniletee. Bibi Agness bado yuko?"

"Yupo."

"Basi."

Alichuma chai miaka kumi na miwili. Hakutajirika, hakujenga nyumba ya tofali. Alichelewa kulipa michango ya shule na nikamvumilia, alichangia misiba, na mara mbili alifukuza wachumaji wadogo waliotaka kujaza tenga kwa majani magumu. Lusungu alikaa dawati la mbele upande wa kulia kwangu, sikio zuri likinielekea, mpaka darasa la saba. Siku hizi ana duka la kushona nguo Tukuyu mjini, na ukiongea naye hugeuza shingo kidogo.

Niliwahi kumwuliza Ikupa kama angerudia. Tulikuwa njiani kutoka ibada.

"Kazi ningeichukua," alisema. "Ila ningekuja kwako Jumatano."

Mwaka 2011, mwaka wangu wa mwisho pale kabla ya kustaafu, magoti yake yalikataa mteremko. Alipumzika wiki mbili, akajaribu tena, akaanguka na tenga lake. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa nilimwona anakuja nyuma ya kanisa na fimbo, taratibu, amevaa kitenge cha Jumapili. Mzee Samson alikuwa ameshafariki. Mezani tulikuwa mimi na vijana wawili wasiomjua.

Alisimama kwenye foleni kama wengine, ingawa nilimwashiria apite mbele.

"Mwalimu, nimefanya mpaka mwili umekataa," alisema zamu yake ilipofika. Hakupunguza sauti, na waliokuwa nyuma yake wote walisikia. "Sasa niandikeni."

Nikafungua ukurasa mpya nikaandika jina lake. Kijana mmoja akamletea benchi akaketi. Aliuliza kama mgao bado ni Jumamosi ya kwanza, maana alisikia siku zimebadilika, na kama aje na debe lake mwenyewe au la parokia bado lipo.