Faili Mbili Zilizobadilika Pamoja

Amefariki. Nimeliandika neno hilo, nikalifuta, nikaliandika tena, maana siamini. Jana asubuhi mimi na rafiki yangu huyu tulikunywa chai pamoja hapa Garissa, akanicheka kwa kupenda sukari. Kabla ya adhuhuri moyo ukamsimama kazini, na alasiri tukamzika. Mtu ambaye hata miaka arobaini hajafika! Wasomaji wangu, mnivumilie, leo sina utulivu.

Marehemu alikuwa mtengenezaji wa programu za kompyuta. Yeye na binamu yake walitunza programu inayowatumia wafugaji ujumbe wa simu kuwaambia kisima kipi kina maji. Yeye alishika faili ya visima, binamu akashika ya ujumbe. Na walikuwa wamenuniana, kisa cheo. Meza zao zilipakana, salamu hakuna. Basi siku moja marehemu akaandika kwamba pampu ya kisima kimoja cha Balambala imeharibika. Binamu hakuambiwa, na ujumbe ukaendelea kuwaita watu huko huko. Mifugo ikafa kwa kiu.

Ndipo akachora picha ya kazi yao yote tangu walipoianza. Kila faili ilikuwa duara, na kila faili mbili zilipobadilishwa siku ile ile, mstari kati yake ulinenepa. Mimi si mtaalamu, lakini hata mimi niliona. Mstari mnene kuliko yote uliunganisha faili yake na ya mtu asiyemsalimia. Nilikuwepo alipomgeuzia binamu kompyuta.

"Warya, wewe ndugu, angalia bicha hii. Yangu ikiguswa, yako naguswa. Sisi nanuniana ya nini?"

Binamu alitazama weee. "Wallahi, hii ni sisi?" Kisha akavuta kiti.

Huku kwetu mtu atakutajia ukoo wako mpaka uchoke, lakini hajui kazi yake inagusa ya nani. Tunagawana vyeo na milango ya koo, halafu tunashangaa mambo yakiharibika. Inaniudhi sana.

Leo msibani simu ya binamu ililia: pampu nyingine imekufa. Binamu akafungua kompyuta pale pale mkekani, akabadilisha faili ya marehemu, kisha yake. Alipomaliza aligeuka pembeni kutaka kumwambia mwenzake, akakuta mkeka mtupu, akaangua kilio. Kama kuna mwenzako kazini uliyemnunia, mwendee leo hii, kwa sababu mimi nimemwona aliyeachiwa faili zote mbili.