Mume Wangu Alifuta Sauti ya Mama, Lawama Akambebesha Mdogo Wake

Admin, nifichie jina tafadhali, maana ndugu wa mume wangu wengi wamo kwenye ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mwalimu wa sekondari, naishi Tukuyu na mume wangu na binti yetu mmoja. Tunaishi pia na mama yangu mzazi, niliyemchukua kutoka Masoko baada ya kupata kiharusi kilichomwondolea usemi. Anasikia, anaelewa kila kitu, hata kucheka anacheka, ila maneno hayatoki.

Kabla hajaugua, mama alikuwa akija kututembelea lazima amsimulie mjukuu wake hadithi kwa Kinyakyusa, halafu amwombee. Nilikuwa namrekodi kwa simu, nataka mtoto akue na lugha ya bibi yake. Simu ilipojaa nikazihamishia zile sauti kwenye laptop ya nyumbani. Basi mama alipopoteza usemi, muuguzi anayemfanyisha mazoezi akanishauri niwe namsikilizisha sauti yake mwenyewe. Nikitoka kazini tunakaa naye sebuleni, anajisikiliza, midomo inacheza, anajaribu kufuatisha. Baada ya muda akaanza kutoa "ndaga", yaani asante. Siku ya kwanza nilipoisikia nilienda kulilia jikoni ili asinione.

Laptop ikaja kugoma. Ukiiwasha inagonga tik tik ndani, halafu inakwama. Mume wangu akaipeleka kwa mdogo wake mwenye kibanda cha ufundi wa simu na kompyuta pale Kiwira. Shemeji mwenyewe alinipigia akasema hard disk inakufa, ataagiza nyingine kutoka Mbeya, na ile ya zamani isiguswe mpaka apatikane fundi mwenye vifaa vya kuokoa vilivyomo. Nikamwambia mimi humo nataka sauti za mama tu, mengine hata yakipotea basi. Akasema niwe na amani.

Laptop ilirudi na hard disk mpya, inawaka haraka, ndani hamna kitu. Ile ya zamani shemeji alinikabidhi kwenye bahasha huku anatazama chini. Nikaipeleka Mbeya kwa fundi niliyeelekezwa. Alikaa nayo sana, na mwishoni alinirudishia vipande vichache vilivyokatikakatika. Akaniambia, "Dada, hii disk imefutwa ikapigwa Windows upya wakati tayari inakufa. Ingeachwa ilivyokuwa, tungeokoa vingi."

Nilirudi nyumbani na vile vipande. Nilipomweleza mume wangu alikasirika kuliko mimi. Alimwita mdogo wake, akamgombeza mbele ya mama mkwe wangu, mama yao mzazi, kwamba ni fundi gani anayeharibu vitu vya watu na hata kukiri hakiri. Shemeji aliinamisha kichwa, akasema tumsamehe, akaondoka hata chai hajanywa. Tangu siku hiyo akaacha kuja kwetu. Habari zikasambaa kwenye ukoo, zikafika mpaka Isongole, watu wakaambiana wasimpelekee vitu vyao.

Mimi jambo moja likawa linanikera. Mtu aliyenionya kwa mdomo wake kwamba isiguswe, kwa nini aiguse? Nikapanda gari mpaka Kiwira, nikamkuta kibandani peke yake, nikamuuliza kwa upole. Alizungukazunguka, mwisho akanyoosha maneno.

"Shemeji, kaka alikuja hapa anahitaji kuandika ripoti ya kazini, na disk mpya ilikuwa haijafika. Akaniambia nipige Windows kwenye hiyo hiyo. Nikamwambia sauti za mama zitapotea. Akasema mama haongei tena, zitamsaidia nini. Yeye ndiye aliyenisomesha. Ningemkatalia vipi?"

Nilirudi Tukuyu nikamuuliza mume wangu tukiwa wawili tu, na hakukataa. Alisema bosi wake kwenye ofisi ya chai alikuwa anamsumbua, na alidhani mafundi wakubwa wangezipata tu baadaye. Nikamuuliza kwa nini basi alimgombeza mdogo wake hadharani hali anajua ukweli. Akanijibu, "Unataka kunivua nguo mbele ya mama yangu kwa ajili ya kompyuta?" Akachukua koti akatoka. Mpaka leo akiniona nimenuna ananiambia nimeng'ang'ania vitu vilivyopita.

Kinachoniuma ni kwamba kwa mama havijapita. Kati ya vile vipande kuna kimoja tu kinacholia vizuri, anaomba baraka kwa ajili ya binti yangu, halafu kinakatika katikati ya sentensi. Nikimwekea anafuatisha kwa midomo mpaka pale, kisha ananigeukia anasubiri. Nishamweleza mara nyingi kwamba zimeharibika, lakini bado anasubiri. Na ile "ndaga" hajaitoa tena.

Sasa ukoo unajiandaa kupeleka barua ya posa ya shemeji. Upande wa binti wameshasikia kwamba ni mtu anayeharibu vitu vya watu na kukana, wameanza kusitasita. Na mama mkwe amempanga mume wangu ndiye awe msemaji, akamsifie mdogo wake. Mume wangu anataka niende naye, nivae vizuri, nicheke na watu. Yeye ni mzee wa kanisa, nikisema ukweli namwaibisha kwa ndugu na kwa waumini, na ndoa yangu sijui itabaki vipi. Nikinyamaza, kijana wa watu anaendelea kubeba kosa lisilo lake, pengine na mchumba anamkosa.

Ndugu zangu, naombeni ushauri bila matusi, nimechoka. Niseme kabla barua haijaenda, au niilinde nyumba yangu? Na hilo neno la "zitamsaidia nini", hata kama mengine yote yataisha, nitalisameheje na mama ninaye ndani?