Pete Chini ya Tepu Nyeusi

Jumanne ya pili ya Septemba, Danguolė Gricienė alirudi kutoka kliniki ya macho akiwa na karatasi yenye mistari ya miraba. Alipoingia karakana yetu ya leza hapa Vilnius hakumsalimu mtu. Aliiweka karatasi mezani kwa Rimgaudas, mkuu wetu, akasema, "Kuna miraba minne haipo."

"Haipo wapi? Naiona yote."

"Kwenye jicho langu la kushoto haipo."

Rimgaudas alikuwa anakunywa supu baridi ya bitiruti kwenye kikombe. Akaanza kucheka. "Dada, jana timu yetu ilifungwa kikapu cha sekunde ya mwisho, sina nguvu za mzaha." Kisha akamtazama usoni, akaweka kikombe chini.

"Daktari ameona makovu matatu ya kuungua ndani ya jicho, kwa nyuma," Danguolė alisema. "Matatu, Rimgaudas! Moja bado bichi."

Mimi nilikuwa meza ya pili, na bisibisi ilinitoka mkononi. Audronė, anayesugua fuwele kule dirishani, alizima mashine yake. Kama tungeulizwa ni nani kati yetu ataungua jicho, huyu tungemtaja wa mwisho.

Danguolė ana miaka hamsini na saba. Alizaliwa mji wa Utena, binti wa fundi saa, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake imekuwa ileile: kupanga vioo na fuwele ndani ya leza mpaka mwanga unyooke. Katika leza zetu, diodi, vijitaa vidogo kama punje za mchele, huangaza ndani ya fuwele, na fuwele hiyo hutoa mwanga mwembamba wenye nguvu, usioonekana kwa macho. Ukipita kwenye fuwele ya pili unakuwa kijani kikali. Ukipita kwenye ya tatu, ile inayozungushwa taratibu kwa skrubu, unageuka mwekundu, unakuwa mwekundu wa giza, kisha unatoweka machoni ingawa bado upo. Wateja hukatia vioo vya simu kwa mwanga huo, hutobolea chuma matundu membamba kuliko unywele, na masonara huunganishia dhahabu.

Hakuna anayezungusha skrubu ile kama Danguolė. Ndiye aliyetufundisha sote, na ndiye anayetufokea. Siku yangu ya kwanza aliniuliza mbele ya watu, "Kijana, hiyo saa mkononi umevaa ili ujue saa utakayopofuka?"

Maana sheria ya kwanza ni ubao wa kulabu pale mlangoni. Kila mtu ana namba yake. Unavua saa, pete na mkufu, unatundika, ndipo unaingia, kwa sababu kitu chochote king'aacho kinaweza kurudisha mwanga machoni. Kulabu namba saba ni ya Danguolė, na kwa miaka kumi na moja haijatundikwa kitu.

Miaka hiyo kumi na moja iliyopita, asubuhi moja ya vuli, alitundika pete yake ya ndoa hapo kama kawaida, akaanza kazi. Mume wake, Vytenis, alikuwa amekwenda msituni kuchuma uyoga. Moyo wake ulisimama hukohuko. Danguolė alipopigiwa simu alitoka mbio bila kugusa ubao. Aliporudi baada ya mazishi, pete ilikuwa bado inaning'inia palepale. Akaivaa mkono wa kulia, kama ilivyo kwetu, akasema haitavuliwa tena. Nani angembishia? Mwenyewe ndiye aliyepata njia: kuizungushia tepu nyeusi ya mafundi umeme, mizunguko miwili, kila asubuhi. Aliipima mbele ya wenzake. Aliweka tepu kwenye mwanga wa kijani, haukupita hata chembe. Wakaridhika.

"Daktari hataki kuniwekea sahihi ya ruhusa ya kazi," alisema sasa. "Anasema nikiungua mara nyingine karibu na katikati, jicho hilo halitasoma tena. Sirudi mezani mpaka nijue mwanga umetoka wapi. Na mimi sijui! Nabadilisha miwani ya kinga kila ninapobadilisha rangi ya mwanga."

"Unachungulia chini ya miwani?" Rimgaudas aliuliza.

"Nani hachungulii? Wewe mwenyewe unachungulia. Skrubu utaionaje gizani? Huko chini kuna vidole tu."

"Kuna vidole," Rimgaudas alisema polepole, "na kuna pete."

"Pete ina tepu!"

"Ile tepu uliipima kwa rangi gani?"

"Kijani. Si ulikuwepo?"

"Kijani tu?"

Danguolė aliitazama pete kidoleni. Audronė ndiye aliyejibu. "Jamani, nyeusi ni nyeusi."

"Kwa macho yako," Danguolė alisema, na sauti yake haikuwa ile tuliyoizoea.

Alichukua pete ya shaba kwenye sanduku la vipuri, akaizungushia tepu ileile, mizunguko miwili, akaibana kwenye kishikio. Tukavaa miwani. Alizungusha skrubu kwa mkono wake. Kijani: tepu ikaumeza mwanga wote. Nyekundu: vilevile. Akaendelea kuzungusha mpaka doa likatoweka machoni. Rimgaudas akashika ile kadi inayowaka ikiguswa na mwanga usioonekana, akaipitisha juu ya pete, mahali ambapo uso wa fundi ungekuwa.

Kadi iliwaka. Doa la chungwa, dogo, angavu, lilitetemeka katikati yake. Mwanga ulikuwa umepenya tepu kana kwamba ni kioo cha dirisha, ukagonga shaba, ukarudi.

Rimgaudas ni mtu wa kumkemea yeyote anayepiga mluzi ndani ya nyumba, eti anaita mashetani. Siku hiyo alipiga mluzi mwenyewe, mrefu, na hakuna aliyemkumbusha.

"Miaka kumi na moja," Danguolė alisema. Kisha akanigeukia, uso umemwisha rangi. "Na wewe ulijifunza umeinama juu ya mkono huu. Kapime macho. Leo!"

Nilikwenda baada ya kazi. Nilikutwa mzima, na wenzangu pia. Lakini kabla sijaondoka niliyaona yaliyobaki.

"Dada," Rimgaudas alisema, "unaweza kuhamia ofisini ukaandika miongozo ya mashine. Hakuna mwanga huko. Ubaki na pete yako."

"Niandike nini? 'Usivae pete'?"

Alikwenda bombani na sabuni. Tulisikia maji yakimwagika kwa muda mrefu. Aliporudi kidole kilikuwa chekundu na kimevimba, na pete haikuwa imevuka kifundo. Aliuweka mkono mezani mbele ya Audronė.

"Kata."

"Mama, tungoje uvimbe ushuke."

"Kata kabla sijabadili mawazo."

Audronė alipitisha kibati chembamba kati ya dhahabu na ngozi, akakata kwa msumeno wake wa kukatia fuwele, ule mdogo wa mkono. Pete ilipofunguka, kidole kilibaki na mfereji mweupe, kama cha mtu mwingine.

"Nitaiunganisha kwa leza sasa hivi," Audronė alisema akifuta machozi. "Hata mshono hutauona."

"Iunganishe kesho. Nitapanga mwanga mwenyewe, daktari akishasaini."

Aliichukua, akaenda mlangoni, akaitundika kwenye kulabu namba saba. Mkono ulikawia pale. Kisha akarudi mezani kwake, akaketi, akaitazama kwa mbali. Akafunga jicho la kulia, akabaki na la kushoto.

"Rimgaudas," aliita. "Ubao nauona. Kulabu ya sita naiona, ya nane naiona."

"Na ya saba?"

Alifungua jicho la kulia haraka, kama mtu aliyeguswa na moto, na hakuliondoa tena kwenye ile kulabu mpaka saa ya kutoka.