Hodi ya Mdogo Wangu

Niseme ukweli, nyimbo nyingi za Krismasi hunichosha. Zile za kizungu zinazopigwa madukani kuanzia Novemba, kengele tupu, sina ugomvi nazo, ila hazinihusu. Zinaimba theluji wakati sisi Songea tuko kwenye tope mpaka vifundoni, mahindi yanaota na kila mtu anawaza mbolea. Ninazozipenda ni za kwaya zetu, zenye ngoma na kayamba, ambazo mama wa sauti ya kwanza akipanda juu unaihurumia mishipa ya shingo yake. Hizo hata niwe napepeta mchele, mabega hayatulii.

Kuimba kwenyewe siwezi. Nilipojiunga na kwaya ya parokia nikiwa msichana, mwalimu wa kwaya alinivumilia mazoezi machache, kisha akaniomba kwa upole nisaidie kutunza sare. Sauti alipewa mdogo wangu, yake na yangu. Nilizoea kumtania kwamba mimi niliisahau yangu tumboni mwa mama, naye alipokuja nyuma akaikuta akaibeba. Alikuwa anajibu kwamba angejua nitasema hivyo maisha yake yote, angeiacha hukohuko.

Mwaka juzi kwaya ilirekodi wimbo mpya wa Noeli, ametunga mwalimu wa kwaya mwenyewe. Unahusu Maria na Yosefu wakitafuta pa kulala. Mdogo wangu aliimba sehemu ya Maria, peke yake, ngoma zimenyamaza. "Hodi, wenye nyumba, mvua imetunyeshea." Kwaya nzima inamjibu, "Nafasi hakuna, sogeeni mbele." Anabisha tena, na tena anajibiwa vilevile. Ubeti wa tatu haombi hata kitanda, anaomba baraza tu, na sauti yake pale inashuka mpaka unasikia akivuta pumzi. Wanamkatalia. Mwisho kabisa ng'ombe ndio wanaofungua, ngoma zinaingia, watu wanacheza. Krismasi ile mji mzima uliupiga. Ulikuwa unatoka saluni, kwa mafundi simu, kwenye bodaboda zilizofungwa spika. Mimi nilikuwa napita naringa, utadhani nimeimba mimi.

Mwezi wa tano uliofuata, mdogo wangu akafariki. Homa ilimshika, tukadhani ni malaria ya kawaida, na kabla hatujajua si ya kawaida tulikuwa tunatafuta sanda. Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Hakuacha mtoto. Tukabaki wawili nyumbani Lizaboni, mimi na mama, maana baba alishatangulia zamani.

Shangazi yetu, dada yake baba, alikuja kutoka kijijini upande wa Hanga kusimamia msiba. Ni mama wa kanisa, rozari haimtoki shingoni, lakini pia ana mambo yake ya wazee ambayo hakuna padri aliyewahi kuyafikia. Siku ya kuondoka aliichomoa flashi kwenye sabufa yetu, ile yenye wimbo, akaifunga kwenye pindo la khanga yake. Alisema sauti ya marehemu inayobisha hodi haikai ndani ya nyumba ya mama yake, msiba ukiwa bado haujamalizwa. Sikubishana naye. Kwenye simu yangu nilikuwa nimeshaufuta wimbo mwenyewe, kwa sababu uliwahi kuanza bila mimi kutaka nikiwa jikoni, nikaangusha sufuria. Mama ana simu ya kitochi tu, haipigi muziki.

Desemba ikaja, na wimbo ukarudi mjini. Hapo ndipo lilipoanza jambo lililonitisha.

Majirani zetu ni watu wema. Pale mtaani, mtu akiwa na msiba, redio zinapunguzwa bila kuambizana. Sasa kila nikitembea na mama, tulikuwa tunausikia wimbo kwa mbali, mbele yetu, na kabla hatujaifikia nyumba, unazimwa. Tukishapita, unawashwa nyuma yetu. Nyumba hii kimya, ijayo kimya, kinyozi anakimbilia kitufe mashine ikiwa kichwani mwa mteja. Tulikuwa tunatembea ndani ya ukimya unaotembea nasi, na mdogo wangu anaimba kote kuzunguka ukimya huo, ila si pale tulipo. Watu wanatuamkia, shikamoo mama, habari za leo, na nyuso zao zina huruma. Mama anaitikia marahaba, anageuza shingo kidogo, kama mtu anayetafuta harufu ya moshi inatoka wapi.

Kisha akaanza kununua chumvi. Kila alasiri, mvua ikiwa imepungua, anachukua mwavuli, anasema chumvi imekwisha, anatoka. Duka liko hatua chache kutoka mlangoni, lakini anarudi giza linaingia, viatu vimejaa tope jekundu, mkononi pakiti ya chumvi. Nilimwonyesha rafu. Ilikuwa na chumvi ya kulisha shule ya bweni. Akasema, "Kumbe," na kesho yake akatoka tena. Nikajua mama anaanza kuchanganyikiwa, na niliogopa kwa sababu sina mwingine.

Alasiri moja nikamfuata. Alishika njia ya Ruhuwiko, mwendo mrefu kwa miguu yake, manyunyu hayakatiki na ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa. Hakusimama dukani hata mara moja. Alipofika kwenye nyumba za watu wasiomjua, redio zikaacha kuzima, na akapunguza mwendo. Akawa anapita nyumba kwa nyumba akisikiliza. Akaingia kwenye uwanja wa nyumba moja ya matofali isiyopigwa plasta, akasimama chini ya dirisha, maji ya paa yakimdondokea mgongoni, mwavuli ameufunga. Ndani wimbo unapigwa. Nilijibanza kwenye michongoma, nikamsikia mdogo wangu kutoka kwenye nyumba ya watu nisiowajua.

Alibisha hodi.

Mama aliinama karibu na nondo za dirisha, akajibu kwa sauti ya chini, "Karibu, mama. Pita ndani."

Kwaya ikajibu juu yake kwamba nafasi hakuna.

Ubeti wa pili ulipofika akajibu tena, na wa tatu, kila mara kabla kwaya haijamuwahi. Alikuwa anajitahidi kuwatangulia. Nyinyi fikirieni, mtu yuko nje anamkaribisha mtu aliye ndani, na yule wa ndani hayupo. Mlango ukafunguliwa, akatoka msichana na mtoto mgongoni, ameshangaa, akauliza ni nani anayesema karibu nyumbani kwake. Nilitoka mafichoni haraka. Nikasema tunajikinga mvua tu. Akatuamkia vizuri, akatuletea kigoda mama akae, nasi hatukukaa.

Njiani nilitaka kumgombeza. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Yeye ndiye aliyeanza, bila kunitazama.

"Mwanangu anabisha hodi mji mzima," alisema. "Kila nyumba inamwambia hakuna nafasi. Mimi mama yake ninyamaze?"

Nililia mpaka tukafika Lizaboni, na tulipoingia mtaani kwetu, redio zikaanza kuzima moja moja mbele yetu, kwa heshima.

Shangazi alikuja mkesha wa Krismasi na jogoo amefungwa miguu. Nilimsubiri mama aingie kuoga, nikamweleza yote, nikamwomba flashi. Alikuwa bado anayo kwenye pindo, tangu mwezi wa tano, kila khanga anayovaa anaihamishia. Alikataa. Alianza kwa Kiswahili, hasira zilipopanda akahamia Kingoni, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili nisiseme sikuelewa.

"Hodi ya mfu haijibiwi. Ukimjibu atakuja. Akishakuja, mtamwambia nini ili aondoke?"

Nisijifanye shujaa, nilimwogopa huyo mdogo wangu niliyemlea mgongoni. Usiku nilichelewa kupata usingizi, na kila matone yalipogonga bati la jikoni nilivuta shuka.

Misa ya Krismasi ilikuwa nzuri, watoto na nguo mpya, maua ya plastiki kwenye pango la Mtoto Yesu. Kwaya waliimba nyimbo zote isipokuwa ule. Nilisikia baadaye kwamba hakuna mwanamke aliyekubali kuushika ubeti wa Maria, hata wale waliokuwa wakiulilia zamani. Mama alikaa wima muda wote akisubiri. Walipoanza wimbo wa kutoka, nikamwona mabega yanalegea.

Nyumbani tulikula wali na yule jogoo. Nilikuwa nimezidisha chumvi, shangazi akasema wazi kwamba nyumba hii ina chumvi kuliko akili, na mama akacheka kidogo. Nikashukuru Mungu kwa kicheko kile. Mvua ilikuwa inamwagika. Jirani alikuwa na wageni, muziki umepamba moto, na ghafla ukakatika katikati ya furaha yao. Tukajua sote watatu ni wimbo gani uliofikiwa. Mama alinyanyuka, akanawa mikono, akachukua mwavuli nyuma ya mlango.

"Naenda kununua chumvi," akasema.

Shangazi alimtazama wifi yake, mjane kama yeye, amesimama na mwavuli siku ya Krismasi, na gauni la kanisani, anaomba ruhusa ya kwenda kusimama mvuani chini ya madirisha ya watu. Kisha akashika pindo la khanga, akahangaika na fundo kwa meno, akanipa flashi. Ilikuwa ya moto kwa joto la mwili wake.

Niliichomeka. Sabufa ilikuwa na vumbi, ikakoroma kwanza. Kayamba zikaanza, kisha zikanyamaza, na mdogo wangu akawa yumo ndani nasi. Sijui niseme vipi. Kwa watu ilikuwa sauti ya redio. Kwetu, alikuwa yumo ndani nasi.

Hodi ya kwanza ilimkuta mama amesimama palepale, mdomo wazi. Ya pili aliweka mwavuli chini. Kabla ya ya tatu ikaja ile pumzi, naye mama akavuta pumzi pamoja naye, akaenda akafungua mlango wote, akasema kwa sauti ya mwenye nyumba, "Karibu, mama. Karibu nyumbani."

Nje hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mvua, ukungu, na njia yetu inayoshuka barabarani. Baridi ikaingia. Mama akasogea pembeni ya mlango, vile mtu anavyompisha mgeni mwenye mzigo, akangoja kidogo, kisha akafunga. Kwaya ilikuwa inasema nafasi hakuna. Tulikuwa tumekaa mimi na shangazi kwenye benchi, tumebanana kwa ajili ya baridi. Shangazi alikusanya khanga yake, akasogea mwisho kabisa wa benchi. Mimi nikasogea mwisho wangu. Katikati yetu pakabaki mahali pa mtu mmoja.

Ng'ombe wakafungua, ngoma zikaingia. Upande wa pili wa ukuta jirani naye akauwasha upya, kwa sauti ya juu, na nikasikia watu wake wanacheza.

Shangazi alirudi kwao baada ya mwaka mpya, akaiacha flashi kwenye sabufa. Chumvi tunayo bado, na mama hajanunua nyingine. Wimbo anaupiga akijisikia, hata mwezi wa saba kwenye baridi kali, na mlango anaufungua mwenyewe. Ninaposhona nakaa kwenye benchi lile, mwisho, upande wangu uleule. Swali la shangazi ninalikumbuka kila siku, jibu bado sina, na mdogo wangu hatujamwambia aondoke.