Neno Nililomwachia Barasa Getini

Ilikuwa saa sita na nusu mchana, Ijumaa, na sikuwa nimekunywa kitu kikali kuliko chai ya maziwa. Nayasema haya mapema kwa sababu najua mtakachouliza. Mimi ni mtu wa digrii mbili. Mizimu niliijua kama mada ya mtihani. Huyu nilimwona.

Mwaka 2009 nilikuwa mlinzi Doha, shahada yangu ya falsafa ikiwa chini ya godoro. Mimi na Barasa wa Bungoma tulilinda geti la jengo moja mtaani Najma, kwa zamu. Sheria ilikuwa moja: huondoki mpaka mwenzako akupokee. Tiketi yangu ya kurudi nyumbani ilipotoka niliona haya kumwambia, maana yeye ndiye aliyetangulia kuomba likizo. Nilimpita getini adhuhuri, zamu yake ikiisha na yangu ikianza, nikamwambia, "Nakuja." Mnatujua Wakenya. Mtu akiondoka husema anakuja.

Barasa alisimama juani akiningoja. Kabla ya magharibi alikuwa amekufa. Habari zilinifikia Nairobi, nikila kuku wa kukaribishwa.

Miaka minane baadaye nilirudi huko na mke wangu na binti yetu Neema, wa miaka sita, niwaonyeshe mji nilioupigia soga miaka yote. Ulikuwa umegeuka vioo vitupu. Niliwatembeza kama kiongozi wa watalii aliyepotea. Jengo letu halikuwepo. Palikuwa na uzio wa mabati, na mbele yake mlinzi aliyevaa sare yetu ya zamani.

"Umenona, msomi," akasema. "Siku hizi vitabu vina mafuta?"

Nani mwingine aliwahi kuniita msomi kwa kejeli ile? Niaminini, alikuwa yeye. Katika joto lile hakuwa na tone la jasho.

"Barasa, nisamehe."

"Msamaha utanifikisha Bungoma? Nimechoka kusimama, ndugu yangu. Sema tu umenipokea, niende zangu."

Neno moja. Mnadhani nililitoa? Nilianza kujiuliza: nikilisema, nani atabaki getini? Msomi lazima achambue kwanza. Mke wangu akaniita kutoka kwenye teksi, "Baba Neema, mtoto anaungua na jua hapa." Nikamgeukia Barasa, na ulimi wangu, bila kuniuliza, ukasema, "Nakuja."

Hakukasirika. Alirekebisha kofia, akasimama wima kama tulivyofundishwa.

Ndani ya teksi Neema akauliza, "Baba, yule anko anatoka kazini saa ngapi?"

"Anko yupi?" mama yake akasema. Yeye alikuwa ameona mabati tu, na mumewe akiongea nayo.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa ikifika adhuhuri siwezi kukaa. Niwe mkutanoni, niwe mezani na wageni, nasimama mpaka magharibi, miguu ikivimba. Daktari ameandika kuwa ni mishipa. Mke wangu ameacha kuuliza; Neema hunisogezea maji.

Kwa hiyo, wewe unayesoma, ukiondoka sema unaondoka. Mtu akununie, akulaani akitaka, lakini aende akapumzike. Wapo watu ambao ukiwaambia unakuja, wanakungoja.