Mama Alibatizwa Mahajanga

Mwaka ule kisiwa cha Ndzuani kilipojitenga na Komoro, vijana wa Moroni, kwetu Ngazidja, walianza kusimamisha watu njiani na kuwauliza wamezaliwa wapi, ili wa Ndzuani wafukuzwe. Kitambulisho cha mama kilisema Mutsamudu, mji wa Ndzuani ambako hajapata kulala hata usiku mmoja. Alizaliwa Mahajanga, Madagaska. Tuliporudishwa visiwani mwaka wa sabini na saba, baada ya Wakomoro kuuawa huko, tulishuka melini bila karatasi. Karani wa bandari akauliza, "Baba yenu wa wapi?" Babu, baba yake mama, akatoa kifua: "Mutsamudu!" Tukaandikwa sote; hata paka angeshuka nasi, angekuwa wa Mutsamudu.

Kwa desturi ya Moroni mtoto ni wa nyumba ya mamaye, na bibi, aliyemzaa mama, alikuwa wa Ikoni, mwendo mfupi wa teksi kutoka Moroni. Lakini serikali hufuata baba. Nikaenda kuwaomba jamaa wa Ikoni watushuhudie. Wale wale waliokula pilau ya harusi yangu, wengine sahani mbili, ghafla wakawa na kazi nyingi. Kwenye ofisi ya vizazi, karani akasema daftari la miaka ya bibi limeliwa na mchwa.

"Mchwa wa bei gani?" nikauliza, nikasogeza noti.

Akairudisha. Hapo ndipo nikaogopa.

Nyumbani mama akanipa karatasi ya Kifaransa yenye muhuri wa msalaba. Alipokuwa mchanga alishikwa na homa. Masista wa hospitali wakadhani anakufa, wakambatiza. Chini waliandika jina la mama yake, mzaliwa wa Ikoni. Nikasoma mara mbili. Hapakuwa na karatasi nyingine iliyomtaja bibi.

"Tumepona, mama."

"Umepona wewe. Mimi nakaa na wanawake wa mtaa wa Badjanani kwenye maulidi. Wakiiona hiyo, wataanza kuuliza nitazikwa wapi."

"Mtoto mchanga ana kosa gani? Wataelewa."

"Wataelewa, mwanangu. Kisha watasimulia."

Ijumaa, baada ya sala, vijana watatu wakabisha hodi. "Kwezi, mama," wakaamkia kwa heshima zote. Heshima ile ilinitisha kuliko marungu. "Tunaangalia karatasi tu."

Cheti cha ubatizo kilikuwa mfukoni mwangu. Mama akanikazia macho, akawapa kitambulisho. Wakatuambia meli ya kwenda Ndzuani inaondoka kesho, nasi tuwemo.

Mutsamudu bandarini, askari wa waliojitenga walikuwa wanapekua mizigo na mifuko, na cheti bado kilikuwa mfukoni mwangu. Mama akajibu salamu, na askari mmoja akageuza shingo.

"Mama, lafudhi hiyo ya Ngazidja. Nani aliyekutuma?"

"Mimi wa hapa. Baba yangu wa hapa."

"Na mama yako?"

"Wa hapa hapa."

Askari akamwita mwenzake aje atupekue. Mbele yetu alibaki mtu mmoja, amekwisha kuinua mikono. Mama hakugeuka.

"Neno Ikoni," akanong'ona, "lisifike kwake."

Nikainama kama mtu anayekohoa. Karatasi ya zamani ni ngumu, haina chumvi. Nilimtafuna bibi polepole, jina lake na mji wake, nikameza.